Parole Hainunuliwi



Ijumaa moja baada ya swala, mama mmoja wa mtaani kwetu alitufuata ofisini akiwa ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na shilingi laki nne, fedha za upatu alizozipokea wiki ile. "Wanangu," alituambia, "nimepata mtu wa kumtoa kijana kwa parole. Niombeeni dua jambo lipite salama." Tulimketisha, tukamsihi kwanza airudishe bahasha mkobani. Mtu huyo tulipompigia simu hakujua hata kijana yuko gereza gani.

Hatukumlaumu mama yetu. Barazani sote tunayachanganya mambo haya. Kuna punguzo la theluthi, ambalo chini ya Sheria ya Magereza ya 1967 mfungwa hulipata kwa nidhamu na kazi, endapo kifungo chake kinazidi mwezi mmoja. Kijana huyu alihukumiwa miaka 9 kwa kuvunja duka usiku na kuiba. Akitulia, hutoka baada ya miaka 6. Kuna pia msamaha wa Rais, uliomo katika Ibara ya 45 ya Katiba, ambao aghalabu huusikia redioni siku za Uhuru na Muungano. Huo una njia yake, na mtaa hauulizwi.

Parole ni kitu kingine. Ilianzishwa kwa Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, na kwa sasa humgusa mfungwa wa Tanzania Bara mwenye kifungo cha miaka 4 au zaidi, aliyekwisha kutumikia theluthi moja kwa mwenendo mwema. (Zanzibar wana sheria zao, kwa kuwa magereza si jambo la Muungano, huko hata jina ni Vyuo vya Mafunzo.) Aliyefungwa maisha hayumo, wala aliyehukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha au dawa za kulevya. Mahabusu naye hayumo, kwani hajahukumiwa. Mlango wake ni dhamana. Jina huanzia gerezani, likapelekwa Bodi ya Mkoa, kisha Bodi ya Taifa, ambayo humshauri Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuna dirisha la malipo hata moja katika safari hiyo.

Tena, mwenye parole hajasamehewa. Angali mfungwa, ila anatumikia sehemu ya kifungo nje ya kuta, chini ya uangalizi na kwa masharti. Akiyavunja, hurejeshwa ndani. Kwa hiyo bodi haitazami tu kama mtu ametubu; hutaka kujua atalala wapi, atakula kutokana na kazi gani, na watu aliowakosea wanasemaje. Kijana wetu amekwisha kupita miaka yake 3. Gerezani amejifunza useremala. Jina lake limo katika mapendekezo, na afisa alikuja mtaani kuuliza.

Hapo ndipo mtihani ulipotufikia sisi wenyewe. Mama alitaka kamati iandike barua ya kumpokea. Ilionekana jambo jepesi, mpaka tulipokumbuka kwamba mwenye duka lililovunjwa huswali safu ya kwanza. Katika kikao tuligawanyika. Wengine walisema mwenye kutubu asifungiwe mlango, wakamtaja Nabii Yusuf, aliyemwomba mwenzake wa gerezani amkumbuke kwa bwana wake, naye akasahauliwa kwa miaka. Wengine walijibu, na tunakiri jibu lao lilikuwa na uzito, kwamba Yusuf alidhulumiwa ilhali huyu aliiba, na haki ya mja haifutwi na barua ya kamati yenye muhuri. Tulikuwa karibu kupiga kura. Kisha mzee mmoja akauliza: "Je, Alhaji mwenyewe mmemwuliza?"

Hatukuwa tumemwuliza.

Watatu wetu tulikwenda dukani kwake baada ya Alasiri. Alitusikiliza huku akipima sukari ya wateja, hakusema neno mpaka wakaondoka. Kisha akatuambia kwamba kilichomuumiza kuliko mali ni kuwa kwa miaka hii yote kamati imekwenda kumpa pole mama wa kijana mara kadhaa, na kwake hatukwenda hata mara moja. Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba radhi pale pale, juu ya magunia.

Alikubali kijana arudi, kwa sharti asipite uchochoro wa duka lake katika mwaka wa kwanza, na aje na mama yake kumkabili uso kwa uso kabla ya mwaka huo kwisha. Kuhusu fidia alisema watazungumza wao kwa wao. Tuliyaandika yote katika barua bila kuyapamba. Fundi seremala wa mtaa wa pili, ambaye ana uhaba wa vijana wa kupiga randa, ameandika kwa mkono wake kwamba atampa kazi. Mjomba ametoa chumba, maana nyumba ya mama imepakana na uchochoro ule.

Barua imekwisha kupokelewa. Majibu bado, na huenda yakawa ya kukataliwa. Mama tumemweleza hivyo waziwazi. Zile laki nne amezitumia kununua randa, msumeno na patasi, amezifunga katika kanga na kuziweka chini ya kitanda. Yule mtu wa simu alimpigia tena wiki iliyopita, akidai bei imeshuka hadi laki mbili. Mwenye kupokea simu kama hiyo aje ofisini kwetu kabla hajatoa kitu, siku yoyote baina ya Magharibi na Isha.