Tiyo ya zamani chini ya dushi: isifunikwe kabla ya kujaribiwa



Mama mmoja wa Katuba ametuletea swali hili: ukuta wa nyuma ya dushi yake unalowana hata mwezi wa nane, wakati mvua imekwisha kupotea tangu mwezi wa nne. Fundi amekuja mara mbili kupaka simenti. Kila mara ukuta unakauka wiki mbili tatu, halafu maji yanarudi. Na kisima cha lupango kiko hatua chache tu kutoka hapo.

Asipake tena. Ukuta unanyonya maji kutoka chini kama vile kitambaa kinanyonya maji ya beseni. Simenti ya juu inaficha ugonjwa tu, na pesa inakwenda.

Nyumba nyingi za mji wetu zina tiyo za miaka mingi. Kuna zile za wakati wa Wabelgiji na za kambi za Union Minière, zenye tiyo za chuma kizito au za udongo wa kuchomwa. Chuma kinaliwa na kutu upande wa chini, pahali maji ya sabuni yanalala. Udongo unapasuka kwenye maungio. Halafu kuna nyumba zetu wenyewe ambazo kila mtu aliongeza kipande chake: PVC imeingizwa katika tiyo ya chuma, katikati wakaweka kitambaa na simenti. Simenti haishiki vizuri juu ya PVC. Nyumba ikitikisika kidogo au udongo ukishuka, pale panafunguka.

Kwa nini nasema ni jambo la haraka? Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya udongo wa kichuguu, na udongo huo ukikunywa maji kila siku unalainika. Mchwa nao wanapenda unyevu. Lakini kisima ndicho kinanitisha zaidi. Katika dushi tunawaosha watoto, tunafua nepi, na uchafu wote huo unashuka. Kipindupindu hakijawa mgeni katika Haut-Katanga. Watu wa afya wanashauri kisima kiwe mbali na choo na mashimo ya maji machafu, angalau mita 30, na wengi wetu hatuna lupango ya ukubwa huo. Basi tiyo yenye kuvuja inaleta shimo la maji machafu karibu zaidi na kisima, bila mtu kuliona.

Kabla ya kuita fundi, fanya majaribio haya. Ni ya bure na unaweza kuyafanya mwenyewe.

Kama una maji ya REGIDESO, funga robine zote usiku na usome kompteri. Kama asubuhi namba imesogea na hakuna aliyechota, kasoro iko katika tiyo ya kuleta maji. Kama haikusogea, acha dushi ikauke siku mbili, watu waoge pengine. Halafu chukua faneli na umwage ndoo tatu au nne moja kwa moja ndani ya tundu, bila kulowesha sakafu. Ukuta ukilowana tena siku hiyo au kesho yake, ni tiyo. Ukibaki mkavu, ziba tundu vizuri kwa mfuko wa plastiki uliojazwa kitambaa, weka maji vidole viwili juu ya sakafu, chora alama ukutani na ungoje saa moja. Maji yakishuka, ni sakafu au mdomo wa tundu, kazi yake ni ndogo zaidi.

Tuseme ni tiyo. Hapo hakuna dawa ya juu juu: sakafu inavunjwa kuzunguka tundu na kufuata tiyo mpaka nje ya ukuta. Kama tiyo ni ya eterniti, ile ya kijivu kama simenti, inaweza kuwa na amianti. Vumbi lake linaharibu mapafu. Wasiikate kavu kwa mashine. Wailoweshe kwanza, watoto wawe mbali, na vumbi lisifagiliwe kavu. Na kama ulimwaga soda kostiki kwa kuzibua, mwambie fundi kabla hajaweka mkono au jicho pale.

Mimi sipendi kuunganisha kipande kipya juu ya tiyo iliyooza. Afadhali kubadilisha yote, kutoka tundu mpaka shimo la ukaguzi la nje. Kwa dushi moja, PVC ya milimita 50 inatosha. Ishuke sentimita 2 kwa kila mita. Ikilala sawa, sabuni na nywele zitabaki ndani. Udongo uliolowana utolewe, mchanga ushindiliwe, na tiyo ilale juu yake urefu wote, isining'inie juu ya mawe. Sifoni isisahauliwe, ile shingo iliyopinda yenye kubakisha maji. Bila hiyo, harufu ya fosi itapanda ndani ya nyumba. Kama ni lazima kuungana na tiyo ya zamani, watumie kiungo cha mpira chenye vifungo vya chuma.

Sasa hapa, mama, simama wewe mwenyewe. Mafundi wana haraka ya kufunika ili walipwe. Kole ikisha kukauka, wamwage ndoo kumi shimo likiwa wazi. Pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Ikitoka kavu, wafunike. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka saa hiyo.

Kwa wapangaji: tiyo iliyozeeka chini ya sakafu ni kazi ya mwenye nyumba. Kuziba tundu kwa nywele na takataka ni letu. Mwandikie, weka tarehe na picha, baki na kopi. Kama anakubali ulipe wewe na kukata katika kodi, aandike na kutia sahihi kabla ya nyundo ya kwanza.

Sakafu mpya iloweshwe kidogo kidogo siku kadhaa ili isipasuke. Ukuta usipakwe rangi mara moja. Utachukua majuma mengi kukauka. Na maji ya kile kisima yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klorini, hata tiyo ikisha kutengenezwa, kwa sababu uchafu uliokwisha kuingia katika udongo hautoki siku ile fundi anaondoka.