MIWANI YA GEMU IKIKUCHEFUA, USIJIKAZE KISABUNI!

Vuta kiti tuongee, maana leo nina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Basi bwana, ilikuwa Jumamosi jioni, maskani ni sebuleni kwa binamu yangu, Sinza. Binamu alikuwa ametua siku mbili nyuma kutoka Dubai, na katikati ya marashi na viatu kwenye begi lake kulikuwa na dude ambalo masela wa mtaani kwetu tulikuwa tunalionea kwenye simu tu. Miwani ya gemu! Wataalamu wa Kiswahili wanaiita miwani ya uhalisia pepe. Unaivaa, inakuziba macho yote mawili kama barakoa ya mzamiaji, na papo hapo sebule inapotea. Ukigeuza shingo, dunia ya mle ndani nayo inageuka. Ukichungulia chini, unaona shimo linakusubiri. Ebwana ee, si mchezo!

Mimi nilianza na gemu la kukata vibweta kwa mapanga ya mwanga, kufuata mdundo wa muziki. Dakika kumi, nikalowa jasho, nikavua. Raha mustarehe. Akafuata mshikaji wangu mmoja, ambaye leo tumwite Mzee wa Spidi kwa sababu ya pikipiki yake. Yeye akachagua gemu la mbio za magari. Kona, mteremko, kona tena.

Haikufika robo saa akasema, "Mwanangu, mbona mate yananijaa mdomoni?"

Tukacheka, kwi kwi kwi! Mmoja akamwita mshamba wa mjini. Na mimi, mwandishi mzima ninayeheshimika na wasomaji, nikamwambia, "Jikaze kisabuni, kaka!"

Akajikaza. Chaji ilipoelekea kukata tukaichomeka waya, mchezo ukaendelea. Karibu saa tatu nzima! Alipovua, uso ulikuwa umempauka kama mtu aliyetoka kuumwa malaria, na jasho la baridi linamchuruzika. Akanywa soda nusu, akagoma kukaa. "Niko freshi," akasema, akawasha pikipiki. Ilikuwa saa nne usiku.

Hakufika kwao. Kwenye kona anayoipita kila siku ya Mungu, anasema aliona barabara inalala upande. Pikipiki ikaishia mtaroni, yeye akavunjika mtulinga.

Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni ile miwani. Usiku ni usiku, na barabara zetu unazijua. Lakini kesho yake nilipokwenda kumjulia hali, nikamwamkia mama yake, "Shikamoo, mama," aliitika "Marahaba" bila kuniangalia usoni. Tangu siku hiyo nimekaa chini kusoma habari za dude lile. Niliyoyakuta nakupa wewe, ili usije ukamkaza mtu kama nilivyomkaza wangu.

MACHO YANASEMA HIVI, MASIKIO VILE

Kwanza ujue kwamba sikio halikuumbwa kwa ajili ya kusikia umbeya tu. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji mitatu myembamba, iliyopinda nusu duara, yenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yale yanachelewa kidogo kugeuka, na ubongo unapata habari kwamba umegeuka. Pembeni yake kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo sana, ambavyo hutoa taarifa ukienda mbele, ukirudi nyuma, ukipanda au ukiinama. Hiyo ndiyo pima maji yako.

Sasa vaa miwani, ingia kwenye gari la gemu. Macho yanapiga kelele: tunakimbia, kona hiyo! Masikio yanajibu: acheni uongo, tumekaa kwenye kochi Sinza. Ubongo unabaki katikati kama mjumbe wa nyumba kumi kwenye ugomvi wa wapangaji, na hasira zake anazimalizia tumboni.

Kwa nini tumboni? Mwaka 1977 mtaalamu mmoja, Michel Treisman, alitoa nadharia ambayo inatajwa mpaka leo. Alisema kwamba tangu enzi za mababu, macho na masikio yakianza kupingana, mara nyingi ilikuwa na maana kwamba mtu amekula sumu. Kwa hiyo mwili unafanya kilicho salama: unatapisha. Yaani Mzee wa Spidi hakuwa mshamba. Mwili wake ulikuwa unajaribu kumwokoa, sisi tukawa tunaucheka.

Kama unasoma safu hii ndani ya daladala na kichwa kimeanza kukuzunguka, hali ni ileile, ila imegeuzwa. Masikio yanasikia gari linayumba, macho yameganda kwenye maandishi. Kunja gazeti, tazama nje, utanisoma ukifika. Na kama umewahi kuvuka kwenda Unguja wakati wa kusi, bahari imechafuka, unajua mabaharia wanavyokuambia: toka nje, tazama kule mbali maji yanapokutana na mbingu. Wanataka macho yako yaone kile ambacho masikio yanakisikia, ugomvi uishe.

VIZIWI WALIOWASHINDA WATAALAMU

Bado unabisha? Sikiliza hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wamarekani walipokuwa wanajiandaa kwenda angani, walichukua wanaume 11 viziwi kutoka chuo cha Gallaudet, mjini Washington. Karibu wote waliugua homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo, na ugonjwa ule uliharibu hata ile pima maji ya ndani ya sikio.

Wanne kati yao waliwekwa siku 12 ndani ya chumba kinachozunguka mara 10 kila dakika. Wewe na mimi tungeomba talaka na dunia siku ya kwanza. Safari nyingine wakapandishwa meli karibu na Nova Scotia, kule Kanada, bahari ikiwa imechafuka vibaya. Viziwi wakakaa wanacheza karata na kupiga soga zao za mikono. Waliozidiwa ni wataalamu waliokuja kuwapima! Walichefuka mpaka jaribio likavunjwa.

Kwa hiyo usimwambie mtu anayechefuka kwamba moyo wake mdogo. Anachefuka kwa sababu masikio yake ni mazima na yanafanya kazi. Hata marubani wa jeshi, watu wa shoka, yamewakuta. Ripoti ya mwaka 1957 ilieleza jinsi marubani walivyougua kwenye mtambo wa kufundishia helikopta, mtambo ambao haukuruka popote. Tatizo likakua mpaka mwaka 1993 watafiti wakatunga karatasi ya maswali yenye dalili 16, ambayo inatumika mpaka leo kuwapima watu wanaovaa miwani hizi. Humo utakuta jasho, mate kujaa, macho kuchoka, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu.

Na nyie mnaosema dada zetu ni laini kwa sababu wengi wao huvua mapema, nanyi mna kesi ya kujibu. Miwani ina lenzi mbili, na kila lenzi inatakiwa ikae sawasawa mbele ya mboni ya jicho. Kwa watu wazima wengi umbali kati ya mboni na mboni ni kama milimita 63, lakini kwa wanawake huwa mdogo kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kay Stanney walionyesha kwamba miwani isiyolingana na umbali huo ndiyo sababu kubwa ya wanawake kuugua zaidi. Ni sawa na kumvalisha mtu viatu vya kaka yake halafu ukamcheka anapojikwaa.

SASA TUFANYEJE?

Sikwambii uache. Gemu ni raha, na raha tunazitafuta kwa jasho. Ila shika haya.

Moja, pima macho kwanza. Miwani nyingi zina gurudumu au sehemu ya kusogeza lenzi. Sogeza mpaka maandishi yasomeke bila ukungu. Halafu kaza mkanda wa nyuma, siyo kuibana miwani usoni. Dude linakaribia nusu kilo, na likining'inia kwenye pua tu, shingo na paji la uso vitakudai usiku.

Mbili, chagua gemu kwa akili. Magemu yanayokuacha umesimama ulipo, vitu vinakufuata wewe, ni mepesi kwa tumbo. Yale ya kukimbia, kuruka na kuendesha ndiyo yenye kisirani. Duka la Meta huyapanga magemu kwa madaraja ya utulivu, kuanzia ya starehe mpaka makali. Soma kabla hujalipa.

Tatu, ingia kwenye mipangilio ya gemu. Half-Life: Alyx, lililotoka mwaka 2020, linakuruhusu kuchagua kuhama kwa kufumba na kufumbua, unaonyesha unapotaka na unajikuta upo pale, badala ya kuteleza kama uko kwenye barafu. Mengine yana kivuli kinachobana pembeni ya picha unapotembea. Wapo wanaokidharau, lakini mwaka 2016 Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kivuli hicho kinapunguza kuugua, na wengi wa waliopimwa hata hawakukiona. Kiwashe, hakuna atakayekulipa kwa kukizima.

Nne, kaa kwenye kiti kama gemu ni la kuendesha. Washa feni ikupulize. Usianze tumbo likiwa tupu kabisa, wala usianze umetoka kumaliza sahani ya pilau. Na usicheze umelewa au una uchovu wa usingizi.

Tano, hesabu dakika. Oculus, kampuni iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014, iliandika kwenye maonyo yake kwamba kila baada ya dakika 30 upumzike dakika 10 hadi 15, hata kama unaona huhitaji. Mgeni aanze na dakika tano au kumi, avue, arudi kesho. Mwili unazoea pole pole, siku baada ya siku. Hauzoei kwa vitisho.

Sita, na hii ichore ukutani: dalili ya kwanza ndiyo ya mwisho. Mate yakijaa, jasho la baridi likitoka, ukipiga miayo bila usingizi, vua. Siyo umalize raundi. Vua! Ukiendelea, kichefuchefu kinaweza kukuganda saa kadhaa, na hakuna zawadi.

Saba, ukishachefuka, hakuna kuendesha kitu. Siyo gari, siyo pikipiki, siyo baiskeli. Maonyo yaleyale yanasema usiendeshe chombo mpaka hali yako irudi sawasawa. Kaa chini, kunywa maji, tazama kitu kilichotulia. Ukizidiwa, lala hapohapo kwa mwenyeji wako. Mkeka hauvunji mtulinga. Na mwenye kifafa au mjamzito amwone daktari kwanza, asituulize sisi wa kijiweni.

HUKUMU

Wiki sita baadaye Mzee wa Spidi alirudi maskani, mkono umetoka kwenye kitambaa cha shingo. Alikuja kwa daladala. Tulikaa kimya kidogo, kisha nikamwambia, "Kaka, yule aliyesema ujikaze nilikuwa mimi. Nisamehe." Akanitazama, akasema, "Na aliyejikaza nilikuwa mimi. Lete hiyo miwani."

Binamu akamwekea kiti na feni. Akasogeza lenzi, na kumbe siku ile zilikuwa zimekaa kwa macho ya binamu, siyo yake. Akacheza lile gemu la mapanga ya mwanga. Dakika ya tisa akavua, akapumua, akasema, "Basi, inatosha."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu wa pili alipovaa akavua kwenye dakika ya sita, naye hatukumcheka. Jioni ile ilikuwa tamu kuliko ile ya kwanza, maana kila mmoja alicheza na kila mmoja alifika kwao.

Mama yake bado sijamwona. Nitakwenda Jumapili hii, na safari hii nikimwamkia nitasubiri aniangalie.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.