Siku ya Mapumziko ya Mkimbiaji Anayeanza

Michezo ya UMISSETA inapokaribia, shule nyingi za sekondari hufanya jambo moja. Wanafunzi ambao kwa miezi kadhaa hawakukimbia hukusanywa alfajiri, wakakimbizwa kila siku kwa majuma mawili. Juma la kwanza halijaisha, baadhi yao huanza kuchechemea. Hapo huambiwa wapumzike, nao hulala bwenini siku mbili kutwa. Kwa maoni yangu, makosa yako pande zote mbili. Mkimbiaji anayeanza hapaswi kukimbia kila siku, lakini siku asiyokimbia nayo isiwe siku ya kulala.

Yafaa tuutazame mwili wenyewe. Mbio hazimjengi mtu wakati anapokimbia, bali humchosha na kumchubua kwa ndani. Ujenzi hufuata baadaye. Wanga uliotumika katika misuli hurudishwa kwa muda wa siku moja hivi, endapo mtu amekula ugali, wali au muhogo wa kutosha. Nyuzi za misuli zilizoumia huuma zaidi siku ya pili na ya tatu. Wengi husema kwamba maumivu hayo ni asidi ya laktiki iliyobaki miguuni. Sivyo, kwani asidi hiyo huondoka katika damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya mbio.

Mfupa una mwendo wake. Chembe zinazobomoa mfupa uliochakaa hutangulia, na zile zinazojenga mfupa mpya hufuata polepole, kazi ya majuma mengi. Kwa hiyo mfupa hudhoofika kidogo kabla ya kuimarika. Moyo na mapafu huzoea mbio mapema, ilhali kano na mifupa hubaki nyuma. Ndiyo maana pumzi humdanganya mwanafunzi: kifua kinamwambia aongeze mwendo, na ugoko haujawa tayari.

Basi kwa nini asilale tu? Misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ni pampu. Kila hatua huibana mishipa ya vena na kuisukuma damu juu kuelekea moyoni. Gegedu la goti, ambalo halina mishipa ya damu, hupata chakula chake kutokana na ute wa kiungo unaoingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Sidai kwamba kutembea ni dawa ya ajabu. Majaribio yameonyesha kwamba matembezi mepesi hupunguza maumivu ya misuli kidogo tu, tena kwa muda mfupi. Lakini hayadhuru, na yanaulinda uzoefu wa mwili wa kujongea kila siku.

Uzoefu huo una thamani kubwa. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya walilazwa kitandani kwa majuma 3, na uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Siku moja ya kulala haileti hasara hiyo. Mazoea ya kulala yaweza kuileta.

Hata hivyo, mawaidha mengi ya vitabu vya mbio yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoshinda ofisini. Humwambia mkimbiaji atembee dakika 30 siku ya mapumziko, au aendeshe baiskeli. Mpelekee maneno hayo mwanafunzi wa kutwa wa Mchukwi, wilayani Kibiti. Huenda ametembea njia ya mchanga kwenda shule na kurudi, akateka maji, na Jumamosi akashika jembe katika shamba la mikorosho. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na ndoo yenyewe hatujaihesabu. Mwanafunzi huyu hana haja ya kuongezewa matembezi. Haja yake ni kazi yake ihesabiwe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wanaobandika ratiba moja ukutani kwa wote. Mwanafunzi wa bweni anayekaa darasani, kisha chumba cha kujisomea, kisha kitandani, yafaa aambiwe atembee nusu saa siku za Jumanne na Alhamisi, kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza bila kutweta. Wa kutwa, hasa msichana ambaye kazi za nyumbani humlemea kuliko kaka yake, aulizwe kwanza alifanya nini jana. Ikiwa alilima, siku ile ilikuwa ya mazoezi, na mbio za kesho zipunguzwe. (Wale wanaowapa wanafunzi adhabu ya kuzunguka uwanja mara kumi, nao waihesabu.)

Mabingwa wenyewe hawakimbii kwa nguvu kila siku. Eliud Kipchoge, akifanya mazoezi Kaptagat, Kenya, alijulikana kwa kuweka siku 3 ngumu katika juma, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na katikati yake mbio za polepole. Mbio hizo za polepole ndizo mapumziko yake. Kwa anayeanza, kiasi chake ni kutembea. Wala matunda hayaji kwa majuma mawili. Alphonce Simbu wetu alipata medali ya shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwaka 2025.

Yako mambo mawili yanayobatilisha yote niliyosema juu ya kutembea. La kwanza ni homa. Mwenye homa alale, apimwe malaria, na asirudi uwanjani kabla ya kupona. La pili ni maumivu ya mahali pamoja juu ya ugoko. Misuli iliyochoka huuma kwa kuenea. Lakini mwanafunzi akiweza kuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja pale panapouma, na pakibonyezwa akaruka, yawezekana mfupa umeanza kupata ufa. Huyo hata matembezi ayaache, apelekwe hospitali.