Mazungumzo ya Nyumbani: Mafuta na Siki

Mwezi huu twataka kunena habari ya jikoni. Wala mtu asiseme kuwa ni habari ndogo, maana hii ilikaribia kuvunja ujirani wa nyumba mbili za Wakristo.

Ilikuwa siku ya arusi. Mama wa nyumba alitengeneza saladi ya majani, nyanya na vitunguu, akatia katika chupa mafuta ya uto, siki na chumvi, akaitikisa vema, akaiweka mezani. Wageni walipoketi, mafuta yalikuwa yamepanda juu na siki imekaa chini, kana kwamba hapana mkono uliopata kuitikisa. Mama akaona haya mbele ya wakwe, akasema, "Mafuta haya yametiwa maji." Neno lile likatoka nje, likamfikia mjane aliyemwuzia, ambaye hana shamba wala ng'ombe, ila chupa zake tu. Kwa majuma mawili hapana aliyenunua kwake.

Sisi tukaitwa kuamua. Hatukuanza kwa maneno. Tuliomba mafuta yaliyosalia, tukayaacha katika chupa ya kioo usiku kucha, kwa kuwa maji yakiwamo katika mafuta huzama chini na kuonekana. Asubuhi hatukuona hata tone. Kisha tukatia maji kijiko kimoja sisi wenyewe, wote wakayaona yakishuka. Mama yule akanyamaza kitambo, akauliza, "Basi, Mwalimu, mbona yalijitenga na siki?"

Swali jema. Siki, kwa sehemu kubwa, ni maji: katika sehemu 100, kwa kawaida 95 hivi ni maji, na 5 hivi ni ile asidi iletayo ukali. Na maji ni chembe ndogo mno, ambazo kila moja ina umeme wa namna moja upande huu na wa namna ya pili upande huu. Kwa hiyo zavutana na kushikana sana. Chembe za mafuta hazina umeme uliogawanyika hivyo. Basi za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na mafuta husukumwa kando. Watu husema mafuta huchukia maji, sivyo. Ni maji yapendayo mno jamaa zake.

Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, na ya maji gramu 1,000. Ndiyo sababu mafuta hukaa juu. Lakini wepesi peke yake hauzuii kuchanganyika, maana spiriti nayo ni nyepesi kuliko maji, na huchanganyika nayo kabisa.

Ukitikisa chupa, mafuta hukatika matone madogo yakaenea. Lakini tone hukutana na tone, yakaungana, hata yote yakarudi juu. Ili yadumu, hana budi awepo mpatanishi. Kiini cha yai kina kitu kiitwacho lesithini, ambacho Mfaransa Gobley alikitenga katika miaka ya 1840. Chembe yake ina ncha mbili, moja yashika mafuta na moja yashika maji, nazo hulizunguka kila tone lisiungane na jingine. Haradali iliyosagwa husaidia vivyo hivyo, ingawa kwa nguvu ndogo. Sabuni nayo ndiyo kazi yake katika nguo zenye mafuta (lakini msiitie katika saladi!). Hata tui la nazi ni mafuta na maji yaliyoshikamanishwa na protini ya nazi. Mpishi akiacha kukoroga juu ya moto mkali, tui hukatika, mafuta yakaelea. Wake zetu walilijua hilo kabla sisi hatujafungua kitabu.

Kwa hiyo, mama, anza na siki na chumvi, ukoroge hata chumvi iyeyuke, maana katika mafuta haiyeyuki. Tia haradali kijiko kidogo, au kiini cha yai lililochemshwa na kupondwa. Yai bichi laweza kuleta maradhi ya tumbo. Ndipo umimine mafuta polepole, ukikoroga pasipo kukoma.

Jumamosi ile mama yule alikwenda mwenyewe kwa mjane, na chupa tatu tupu kikapuni. Tulikutana naye njiani akirudi, zote zimejaa. Hakusema neno, nasi hatukumwuliza.