Firefox Inakula kwa Nani?

Rafiki zangu wanajua mimi ni mpiga debe wa Firefox. Nawaambia kila siku, tumieni kile, ni kivinjari huru, hakina tajiri nyuma yake. Wanaitikia tu. Siku hizi kuna swali nalingoja na hawaliulizi: mbona hatukilipii hata senti tano? Wale wahandisi wanaokitengeneza wanakula wapi?

Wanakula Google, jamani. Ndiyo, hao hao wenye Chrome.

Mambo yenyewe yako hivi. Ukiandika neno pale juu kwenye Firefox, linakwenda kutafutwa Google, labda kama wewe mwenyewe umebadilisha. Huko unakutana na matangazo, matangazo yanaingiza fedha, na Google inawakatia Mozilla chao kwa kuwaletea wateja. Utaratibu huu una zaidi ya miaka ishirini sasa. Mei 2025, mkuu wa fedha wa Mozilla, Eric Muhlheim, aliieleza mahakama ya Washington kwamba karibu asilimia 90 ya mapato ya kampuni yanatokana na Firefox, na kama asilimia 85 ya hayo yanatoka Google.

Sisi wa magazeti hesabu hii hatuhitaji kufundishwa. Watu wanadhani mtangazaji mkubwa huwa anapiga simu na kumfokea mhariri. Wapi! Hana haja. Habari inayomgusa inakaa tu mezani, "inasubiri upande wa pili", mpaka inachacha. Hakuna aliyeamuru.

Lakini tusiwaonee Mozilla. Septemba 2019 Firefox ilianza kuwazuilia watumiaji wake wote vile vifuatiliaji vya matangazo, bila mtu kuhangaika na mipangilio. Na ukitazama nyuma, unaona kwa nini waliishika njia hii. Netscape, baba yao, ilikuwa inauza programu yake. Mwaka 1995 Microsoft ikaanza kuigawa Internet Explorer bure, biashara ikafa, na Novemba 1998 AOL ikatangaza kuinunua. Mwaka 2003 AOL nayo ikaachana na mradi ule. Mozilla Foundation ikaanza maisha na dola milioni 2 za kuagwa. Kwa fedha hizo hushindani na Bill Gates.

Opera nao walijaribu kwa uaminifu kabisa: ulipe, au uvumilie matangazo juu ya kioo. Septemba 2005 wakaacha yote mawili, wakawa wanakitoa bure, na wao wakaegemea fedha za Google. (Wale wa enzi za Nokia mnaikumbuka Opera Mini jinsi ilivyookoa vocha.) Mwaka 2016 wawekezaji wa China wakakinunua kivinjari hicho. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ikawa inakopesha watu fedha kwa simu Kenya, kupitia OKash. Kutoka kuuza kivinjari mpaka kudai madeni Nairobi! Hivyo ndivyo kutafuta riziki kunavyoweza kukupeleka.

Kwa hiyo mimi siwalaumu Mozilla kwa kupokea. Kinachonisumbua ni kwamba mnunuzi amebaki mmoja. Novemba 2014 walikuwa na jeuri: waliihama Google, wakaingia mkataba wa miaka mitano na Yahoo kwa watumiaji wa Marekani. Mwaka 2017 wakaona haufai, wakauvunja, wakarudi Google. Huo ndio uhuru ninaouelewa mimi, kwamba ukichukizwa na huyu unabisha hodi kwa yule. Leo utabisha wapi? Muhlheim aliiambia mahakama kuwa Bing haiwezi kuwaingizia kinachoingizwa na Google.

Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google inahodhi soko la kutafuta mtandaoni kinyume cha sheria, na malipo haya haya yalikuwa sehemu ya kosa. Mwaka 2021 peke yake Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe ya kwanza kwenye simu na vivinjari vya wengine. Serikali ya Marekani ikataka malipo yapigwe marufuku. Nani akasimama kuomba yasikatwe? Mozilla, watetezi wa mtandao huru.

Wakasikilizwa. Septemba 2025 jaji aliruhusu Google iendelee kulipa, ila isiwafunge watu kwa mikataba ya kuwakataza kufanya kazi na wengine. Desemba akaongeza kwamba mkataba wa kuwa chaguo la kwanza usizidi mwaka mmoja. Zamani Mozilla walikuwa wanapanga bajeti ya miaka kadhaa. Sasa kila mwaka watarudi mezani kwa mwenye Chrome, na fedha atakayowatajia ndiyo ya mishahara ya wanaoshindana naye.