Sahani ya Bibi Ina Mengi Kuliko Sanamu ya Miritini

Ukishuka SGR pale Miritini, kabla hujaanza kuvutana na makanga wa matatu, kuna sanamu ya mzee wa Kichina. Wengi wetu humpita tu. Wengine hupiga selfi naye wakidhani ni mwenye kampuni iliyojenga reli. Huyo anaitwa Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China zamani hizo, Muislamu wa kutoka Yunnan. Merikebu zake zilifika Malindi katika safari ya 1417 hadi 1419, na kabla ya hapo, 1415, wajumbe wa Malindi walikuwa washafika China na zawadi ya twiga. Historia hiyo ni ya kweli na mimi sina ugomvi nayo.

Ninachotaka kukuuliza wewe uliyezaliwa Kibokoni, ama Kuze, ama hata Majengo na Mji wa Kale unaenda tu kula viazi karai, ni hiki: kwa nini hadithi yetu na China huanza siku Mchina alipofika?

Angalia vile inavyosimuliwa. Mwaka 2005 msichana mmoja wa Lamu, kutoka ukoo unaosema babu zao walikuwa mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo karibu na Pate, alipewa nafasi ya kusomea udaktari China. Habari ikazunguka dunia. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China wakapata sarafu ya mfalme Yongle pale Mambrui, kaskazi ya Malindi. Mwaka 2013 ikapatikana nyingine Manda. Kila mara kelele ni zile zile: China ilifika Afrika kabla ya Wareno! Sawa bana, ilifika. Sasa yule mtu wa Mambrui aliyeishika ile sarafu mkononi, je? Alimuuzia nani nini? Huyo hana sanamu, na wala hakuna anayemuulizia.

Yaani tumekuwa watu wa kufikiwa. Vasco da Gama alitufikia 1498, Mreno akatufikia akajenga Ngome kuanzia 1593, Muomani akatufikia akaizingira kutoka 1696 hadi 1698 mpaka akaichukua, Muingereza naye akatufikia. Mimi nilisoma utalii miaka miwili kabla ya karo kunishinda, na somo la historia ya Mombasa lilikuwa orodha ya wageni. Tulikariri nani alitawala mwaka gani. Siku moja nikauliza, na wenyeji walikuwa wakifanya nini muda huo wote? Darasa likacheka. Jibu sikupewa, lakini swali bado ninalo, na nadhani majibu mengine yako kwenye kabati la vyombo nyumbani kwenu.

Kwanza tuweke miaka sawa. Huko visiwa vya Lamu, katika machimbo ya Shanga na Manda, kuna vigae vya vyombo vya Kichina vya karne ya 9. Hiyo ni zaidi ya miaka 500 kabla ya Zheng He kupandisha tanga. Na havikuletwa na Mchina. Vilipita mikono mingi, India na Ghuba, vikaja na kaskazi ndani ya majahazi pamoja na nguo na shanga, na huku vikalipiwa kwa pembe, ambari na boriti za mikoko. Kwa hivyo mzee wa Miritini alipofika, alikuta watu wanaokula kwenye sahani za kwao tangu enzi za mababu. Hakutuletea jambo geni.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mchina alitengeneza bakuli la kulia. Mtu wa pwani hii alilinunua ghali, kisha akafanya nalo nini? Akalipachika kaburini. Nguzo ya kaburi la Mambrui ilizungushiwa mabakuli ya kauri ya China yaliyojengewa ndani ya chokaa. Kunduchi kule Tanzania pia yako makaburi ya namna hiyo. Gedi, ambako James Kirkman alichimba kuanzia 1948, vipande vya kauri vilijaa. Na nyumbani, ukuta wa ndani ukachongwa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa kama mzinga wa nyuki, kila kimoja na chombo chake. Mgeni akiingia, hata kabla hajaambiwa karibu, ashajua yuko kwa watu gani.

Hebu fikiria hiyo akili. Chombo cha mbali kabisa, kutoka nti ambayo hujawahi kuiona na hutaiona, unakichukua unakifanya kiseme jina la ukoo wako. Unakiweka juu ya mzazi wako aliyelala. Huo ni ubunifu wa hapa hapa, hatukufunzwa na mtu.

Na hatujaacha. Panda Biashara Street ukanunue leso. Kitambaa kinaweza kuwa kimechapwa India ama China, mwenye kiwanda hajui Kiswahili hata neno moja, lakini lile jina la chini limetungwa na mtu wa huku, na mama anayelinunua anajua jirani gani atalisoma roho imuume. Kuna mtu atakuja kukwambia leso si yetu kwa sababu haikufumwa Mvita? Ajaribu kumwambia mamangu.

Ama chukua sinia. Harusini, pilau imepakuliwa, mmekaa wanne mnazunguka sinia moja, kila mtu ananyemelea nyama ya mwenzake. Hilo neno sinia limetoka kwa Kiarabu, na Waarabu walilitoa kwa Sini, yaani China. Chombo cha Kichina. Hata chai unayoteremshia mahamri, mizizi ya jina lake iko kule kule China. Tumekuwa tukiitaja China mara tano kwa siku bila kumwomba mtu mkopo wa reli.

Kuna wale watasema, mbona unajisumbua na asili, wewe ni Mkenya, basi. Na kuna wale wa upande wa pili, wenye kupima watu damu: huyu Mswahili kweli, huyu Mwarabu, huyu wa kuja tu. Mombasa tunalijua vizuri hilo jambo, kila uchaguzi hutoka kabatini. Mwaka 2023 ulitoka utafiti katika jarida la Nature, uliochunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa pwani hii kati ya 1250 na 1800, wakiwemo wa Mtwapa, hapo tu ukivuka Nyali ukaendelea. Miongoni mwa walioongoza alikuwa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya. Walichokuta ni kwamba watu wengi wa miji ile walikuwa na damu ya Afrika kwa mama na damu ya Uajemi kwa baba, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Wazee waliokuwa wakijiita Washirazi, wakachekwa kwamba wanajitafutia ukubwa, kumbe walikuwa na lao.

Watu wengi waliisoma habari hiyo wakaishia kwa akina baba. Mimi nimebaki kwa akina mama. Kama bibi wa nyumba alikuwa mtu wa hapa, basi aliyepanga sahani kwenye zidaka alikuwa mtu wa hapa. Aliyeamua lipi litumike Idi na lipi liwekwe kwa mahari ya binti, ni yeye. Aliyelipa chombo jina kwa Kimvita, ni yeye. Mume alikuja na msimu. Nyumba, vyombo na lugha ya watoto vilikuwa mikononi mwa mama. Hayo ni maoni yangu, nipinge ukitaka, lakini nenda kwenu utazame ni nani ana funguo za kabati la vyombo mpaka leo.

Na hilo kabati ndilo linaloniumiza.

Mji wa Kale unalindwa kisheria kama eneo la hifadhi tangu 1990. Ngome iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Ukitaka kubadilisha uso wa nyumba Ndia Kuu, yafaa upitie kwa watu wa makumbusho kwanza. Vizuri sana. Lakini hakuna anayelinda kilicho ndani ya nyumba. Roshani itabaki, mlango wa nakshi utabaki kwa bahati, na ndani humo vitu vinatoka kimya kimya, kimoja kimoja, ndani ya mfuko wa karatasi.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliuza sahani tatu za buluu na nyeupe alizorithi kwa nyanyake. Alikuja mtu mstaarabu, salamu nyingi, akamwita mama, akanywa chai, akasema anapenda vitu vya kale. Alichompa hakikufika hata karo ya muhula mmoja ya mjukuu. Usinielewe vibaya, simlaumu huyo mama hata kidogo. Mtoto amerudishwa nyumbani, sahani iko juu ya kabati haifanyi kitu, ungefanya nini wewe? Urithi hauliwi, watu husema, na mwenye njaa usimhutubie. Lakini nilipomuuliza ile sahani kubwa alipewa na nani, alinisimulia nusu saa nzima. Harusi ya nani, nani aliivunja ukingo akaisingizia paka, nani aliisafiri nayo kutoka Siu ikiwa imezungushiwa leso. Yule mnunuzi hakumuuliza hata moja katika hayo. Alichukua udongo uliochomwa, hadithi akaiacha kibarazani. Na huyo mama ana miaka themanini na kitu.

Hapo ndipo wengi hawajui jambo moja. Sheria yetu ya makumbusho na urithi ya 2006 inasema kitu cha kale ni chombo kilichotengenezwa Kenya ama kilicholetwa Kenya kabla ya 1895. Soma tena: ama kilicholetwa. Wabunge, ambao kwa kawaida sina la kuwasifu, walielewa jambo ambalo kozi yangu ya utalii haikulielewa. Sahani ikishakaa hapa vizazi vya kutosha, ni ya hapa. Kuitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hivyo yule mtu mstaarabu, kama sahani zile zilikuwa za umri huo na sasa ziko sebuleni kwa mtu Ulaya, basi kuna swali la kujibiwa.

Ukiwa na nafasi, ingia makumbusho ya Ngome utazame vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama hapo mbele 1697, wakati wa ule mzingiro. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na miongoni mwa walivyopandisha mlikuwa na kauri ya China. Vimetunzwa vizuri. Hata hivyo, vile ni vyombo vya baharia aliyekufa, vilikaa kwenye matope miaka karibu mia tatu, havikulelewa na mtu. Cha bibi yako kimelelewa. Kimeoshwa Ramadhani baada ya Ramadhani. Ningekuwa na usemi kwa makumbusho, ningeomba kabati moja tu la vyombo vilivyoazimwa kutoka nyumba za Mji wa Kale, kila kimoja na jina lake kwa Kimvita na sauti ya mwenyewe akieleza. Mwenyewe abaki na mali yake, na alipwe kitu kwa kuazimisha. Kaunti yetu hupata pesa za kupaka vitu rangi kila mwaka, hazitakosa za hilo.

Lakini kungoja kaunti ni kungoja meli ya nchi kavu, na wazee hawatungoji. Simu unayo. Mkono unaopiga video za kuteza unaweza kupiga na hii. Wikendi hii nenda kwa bibi, na usiende mikono mitupu, beba hata kaimati. Mwombe akuonyeshe vyombo vya zamani. Geuza sahani upige picha chini, kwenye alama, na upige juu. Andika jina analoiita yeye, si unaloiita wewe. Uliza aliipata kwa nani, na huyo kwa nani, na ilitoka mji gani, na ilitumika kwa shughuli gani. Mwache akosee miaka, usimkatize, mbele ya safari atakumbuka harusi ya fulani na utaupata mwaka wenyewe. Kama imevunjika, chukua vipande vile vile, kigae kina hadithi yake.

Na mtu akibisha hodi akiulizia vitu vya kale, mpe chai, sisi si watu wa kufukuza mgeni. Kisha muulize anaipeleka wapi, atauza bei gani, na kibali kiko wapi. Atamaliza chai upesi.