Urea Peke Yake Haitoshi

Mhariri, mwandishi wako anasema samadi imepitwa na wakati: mkulima wa mchicha anunue urea, basi. Kweli, urea ina naitrojeni asilimia 46. Lakini udongo wetu huku Mbagala ni mchanga. Mwagilia keni mbili na naitrojeni nyingi inazama kabla mizizi haijaiona. Samadi huleta kaboni, chakula cha vijidudu vya udongo, navyo huishika naitrojeni na kuiachia polepole. Alichopaswa kuonya, na hakukigusa kabisa, ni mbolea ya kuku iliyojaa maranda mabichi: hapo vijidudu huipora mimea naitrojeni, mchicha unageuka manjano. Ivundike kwanza mpaka ipoe. Urea iongezwe kidogo juu ya samadi, isichukue nafasi yake.